Jiwe la uani: tuliyoyaona Banda na Kireka, Kampala

Mwezi huu tumekwenda Kampala, upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Jinja, kule Banda na Kireka. Wengi wenu mnakujua kwa sababu ya uwanja mkubwa wa mpira wa Namboole. Sisi hatukwenda kuona mpira. Tulikwenda kuona mawe, na tumerudi na vumbi lake kwenye viatu mpaka leo.

Sababu ya safari ni hii. Familia moja iliyokaa nasi hapa Nakivale miaka mingi ilihamia mjini, mnaijua wale wa zamani. Baba, mama, na watoto watano, wanalala chumba kimoja. Mwenye nyumba aliwaambia wanaweza kuongeza chumba cha pili nyuma kwa gharama yao na kukikatia kodi, lakini nyuma kulikuwa na mwamba. Tena siyo jiwe la kukalia wakati wa kumenya matoke, ni mwamba hasa, mgongo wa tembo uliotoka ardhini, urefu wa hatua saba na upana wa hatua nne. Mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake na kuingia mlangoni moja kwa moja. Kwa hiyo walitaka kuupasua kabla ya mvua za Machi, na walitaka watu wa kusaidia kubeba. Sisi tukasema tutakuja, ila tutaandika.

Safari yenyewe haina habari kubwa. Basi la Mbarara, Masaka, Lukaya ambako nyama ya mishikaki inaingia kwa dirisha kabla hujasema unataka, Kayabwe ambako wageni wanapiga picha kwenye duara la Ikweta, kisha foleni ya magari mpaka katikati ya mji. Pale tukapanda teksi ya Kireka, tukashuka tukiwa tumekunjana kama nguo za mtumba.

Kampala wanaiita mji wa vilima saba, ingawa siku hizi ukihesabu vilima utapita saba mapema sana. Kati ya kilima na kilima kuna bonde la maji. Tulivyoona sisi, mtu mwenye pesa anajenga mgongoni mwa kilima pazuri, penye udongo mwekundu na upepo. Mtu asiye na pesa anapewa achague: akae bondeni maji yamfuate, au akae mahali ambapo mwamba umetokeza na hakuna aliyetaka kujenga. Banda kuna sehemu ya namna hiyo ya pili. Inaitwa Acholi Quarters, yaani mtaa wa Waacholi.

Historia ya mtaa huo inatuhusu. Vita vya kaskazini mwa Uganda, vya serikali na waasi wa Joseph Kony, vilianza miaka ya 1986 na 1987 na kuendelea mpaka mwaka 2006, mapigano yaliposimamishwa wakati wa mazungumzo ya Juba. Ilipofika mwaka 2005 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wameondolewa vijijini mwao na kuishi kwenye kambi za Gulu, Kitgum, Pader na kwingineko. Wengine hawakwenda kambini, wakakimbilia Kampala. Hao hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hawakuitwa wakimbizi na hawakupata kadi kama zetu. Walikuwa wakimbizi wa ndani ya nchi yao. Ni katika mji huo huo wa Kampala ambapo Umoja wa Afrika ulipitisha, tarehe 23 Oktoba 2009, mkataba wa kuwalinda watu wa namna hiyo, unaoitwa Mkataba wa Kampala, na ukaanza kufanya kazi Desemba 2012. Mzee mmoja wa Banda tulipomtajia alicheka. Akasema wakati huo yeye alikuwa na miaka mingi tayari ya kulindwa na nyundo yake.

Maana kazi waliyoikuta hao wa kaskazini ni mawe. Pembeni mwa mtaa kuna machimbo. Wanaume wanabandua mapande makubwa ukutani mwa mwamba, na wanawake, pamoja na watoto wao, wanakaa chini kwenye jua, jiwe moja la kugongea mbele, nyundo ndogo mkononi, wanayafanya kokoto. Kokoto inapimwa kwa jerikeni iliyokatwa mdomo, inauzwa kwa wajenzi. Nusu ya maghorofa mnayoyaona Kampala, zege lake limepita kwenye mikono ya namna ile. Sisi hatuna hesabu, tunasema tu kwa macho.

Kwa hiyo wenyeji wetu walipotafuta fundi wa kupasua mwamba wao, hawakwenda mbali. Walishuka Banda wakampata mzee wa Kiacholi, mwembamba, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimepinda. Vijana wake wanamwita ladit, ndiyo heshima ya kwao, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mama mwenyeji alimsalimia kwa apwoyo, yeye akajibu kwa Kiswahili cha jeshini, kile cha Uganda, na kazi ikaanza.

Kusoma jiwe

Siku ya kwanza ladit hakupiga hata nyundo moja. Baba mwenye nyumba ile alianza kununa, maana siku ni pesa. Ladit alizunguka mwamba, akachimba pembeni kwa sululu kujua kama ni jiwe lililolala tu juu ya udongo au ni mwamba wenye mizizi. Akagonga kwa mtaimbo hapa na pale, anasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele, jiwe lenye ufa linasema pu. Halafu akaomba maji, jerikeni nzima, akayamwaga yote juu. Mama akashika kichwa, maji ya kununua yale! Lakini tukasubiri. Jua lilipokausha mwamba ikabaki mistari myeusi ya unyevu, mitatu, mmoja mrefu unaokata mwamba karibu katikati. Zile ndizo nyufa. Maji hujificha ndani ya ufa na kuchelewa kukauka. Ladit akachukua mkaa akazichora.

Jiwe gumu la aina ile, graniti na ndugu zake, ukilibana halisikii. Linabeba ghorofa. Lakini ukilivuta huku na huku, ukilipanua kutoka ndani, nguvu yake ya kuhimili ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa, pengine chini ya hapo. Ndiyo maana mtu akipiga nyundo juu ya mwamba kutwa nzima atapata unga na mgongo kuuma, na mwenzake mwenye kabari atalipasua kwa saa moja. Baruti nayo inafanya hivyo hivyo, inapanua kutoka ndani. Tofauti ni haraka, na kwamba baruti si ya mtu wa kawaida. Kuwa nayo bila leseni ni kosa, na katikati ya vyumba vya mabati hakuna mtu mwenye akili angeiwasha hata kwa leseni.

Moto na mpira

Njia ya kawaida machimboni ni moto. Unawasha juu ya mwamba au chini ya ukingo wake, unaacha uwake saa kadhaa. Ngozi ya jiwe inapata joto na kutanuka, wakati ndani bado ni baridi, basi ngozi inabanduka kwa vipande kama maganda ya kitunguu. Ndani ya graniti kuna chembe za kwazi, zile zinazong'aa kama kioo, nazo zikifika joto la nyuzi 573 za Selsiasi zinabadilika umbo na kuvimba ghafla, na hapo jiwe linazidi kulegea. Wengine wanamwagia maji likiwa moto ili ngozi inywee kwa haraka na kupasuka. Njia hii ni ya zamani sana duniani. Waandishi wa Roma walisimulia kwamba jemadari Hannibal, mtu wa Afrika ya Kaskazini, alipovuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo, alifungua njia kwa kuchoma mwamba na kuumwagia siki.

Shida ni cha kuchoma. Kuni Kampala ni ghali, matairi mabovu ni rahisi. Kwa hiyo wanachoma matairi, na moshi wake mweusi mnene unakaa juu ya nyumba za watu tangu alfajiri. Vijana wawili wa ladit walishakuja na matairi manne wameyapanga ukutani. Hapo ndipo maneno yalipotokea. Jirani wa upande wa chini ana mtoto mchanga mwenye kifua cha pumu. Alikuja, hakupiga kelele, alisimama tu na mtoto mgongoni akasema, "Nyie mnajenga chumba, mimi nitajenga kaburi?" Tulinyamaza wote.

Sisi tunasema wazi kwamba moshi wa tairi ni sumu, na hatukubaliani nao, lakini hatuwezi kumhukumu mtu wa machimboni anayeutumia, maana tumeona bei ya fungu la kuni. Baba wa nyumba alifanya hesabu chini kwenye vumbi kwa kijiti. Moto wa tairi: siku tatu. Kabari: siku kumi na zaidi, na kila siku ladit na vijana wanakula kwake. Mvua haikuwa mbali. Mama ndiye aliyeamua. Alisema, matairi yarudi yalikotoka. Ladit akaongeza lake: ukuta wa chumba uko hatua mbili kutoka kwenye jiwe, moto wowote wa maana ungeupasua ukuta kabla ya mwamba. Kwa hiyo walikubaliana moto wa kuni uwashwe ncha ya mbali tu, kidogo, na kule karibu na nyumba iwe kabari.

Ule moto mdogo tuliuona. Waliuwasha jioni kwa mabaki ya mbao, watoto wakafukuzwa mbali, na hiyo si kwa ajili ya moto peke yake. Jiwe lenye unyevu ndani likipata joto hurusha vigae kwa kishindo, paa, paa, kama mahindi kikaangoni. Asubuhi ladit alibandua kwa mtaimbo mapande mapana ya unene wa sahani mbili tatu. Kazi nzuri, ila moto hauchagui pa kupasua, wewe unachukua unachopewa.

Kabari

Hii ndiyo iliyotufurahisha, na tunaieleza kwa kirefu maana mtu anaweza kuifanya hata hapa kwetu kwenye kiwanja chake.

Unachora mstari, afadhali kando ya ufa uliokwishapo. Juu ya mstari unatoboa matundu, upana wa kidole gumba, urefu wa kidole cha kati au zaidi, kutoka tundu hadi tundu ni kiganja kimoja. Kutoboa kwa mkono ni tindo ndefu na nyundo: pigo moja, zungusha tindo kidogo, pigo, zungusha. Usipozungusha, tindo inanasa. Kila mara unatoa unga kwa kijiko chembamba cha waya, na unatia maji kidogo tunduni, vumbi lisiruke. Tundu moja lilimchukua kijana karibu nusu saa pale laini, na pale pagumu hatukutaka hata kutazama saa. Mstari mmoja ulikuwa na matundu tisa.

Kisha katika kila tundu unaingiza vibapa viwili vya chuma, mgongo wa kila kimoja umegusa jiwe, na katikati yake kabari. Kabari za ladit zilifuliwa na mafundi chuma wa Katwe kutokana na vyuma chakavu vya magari. Katwe, kama hamjui, ni mtaa wa Kampala ambapo ukipeleka chuma chochote kinarudi ni kitu kingine. Vile vibapa kazi yake ni kufanya kabari iteleze na kusukuma pembeni, badala ya kukwangua tu jiwe.

Halafu sasa, subira. Unagonga kabari ya kwanza mara moja, ya pili mara moja, mpaka ya tisa, unarudi mwanzo. Siyo kwa nguvu. Kila mzunguko sauti inapanda juu, ting, ting, kama mtu anayekaza nyuzi za gitaa. Mzunguko wa tano au wa sita ladit alisimama akawasha sigara. Kijana mmoja wetu akauliza, "Ladit, tusiendelee?" Akasema, "Wewe pumzika. Jiwe linafanya kazi." Tukakaa. Baada ya muda tukasikia kitu kama kitambaa kinachochanwa, polepole, na mstari mwembamba wa nywele ukatokea kutoka tundu hadi tundu, ukashuka ubavuni mwa mwamba mpaka udongoni. Watoto walipiga makofi. Hata yule jirani mwenye mtoto alichungulia juu ya ua.

Pande lilikuwa zito kupita mtu saba. Walilisogeza kwa mitaimbo miwili na mawe madogo ya kutegea, kidole kwa kidole, kisha likagawanywa kwa nyundo ya kilo saba. Hapo nyundo ina maana, kwa sababu jiwe limeshapata pande ya kukimbilia.

Ladit alitueleza pia kuhusu unga fulani wa makampuni, unaotokana na chokaa isiyozimwa. Unakorogwa na maji, unamwagwa katika matundu, na unavimba wenyewe mpaka mwamba unapasuka kimya kimya, baada ya saa kadhaa au siku nzima. Ni kitu cha kweli na kinauzwa duniani. Wasiwasi wake ni kwamba unaweza kuruka kutoka tunduni kama risasi ya moto, kwa hiyo mtu hainamii tundu kuchungulia, na unaunguza macho. Bei yake nayo inaunguza, hata ladit mwenyewe hajawahi kuununua.

Wenzetu mliotoka Goma pengine mnatucheka. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ulifunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji, na watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lile lile, wakilivunja kwa nyundo na mitaimbo. Tumewasikia mkisema lile ni jepesi, lina matundu kama mkate. Hili la Banda halina tundu hata moja mpaka ulitoboe.

Vumbi, macho na karatasi ya LC

Mambo mawili hatukuyapenda, mbali na matairi. La kwanza ni macho. Machimboni tuliona akina mama wengi wanaofumba jicho moja wakipiga, na tulipouliza, wengine lile jicho lilishaharibiwa na kigae. Pale uani mama alinunua miwani ya plastiki miwili, na mtu asiyevaa hakupewa nyundo, hata ladit. La pili ni vumbi. Lile vumbi la kwazi likiingia kifuani halitoki, linafanya makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na mwenye vumbi hilo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa puani kinazuia lile unaloliona tu. Maji ndiyo dawa ya kwanza: lowesha jiwe kabla ya kupiga, kaa upande upepo unakotoka, na mtoto mdogo asikae mapajani mwa mtu anayeponda. Tunajua maji ni shida. Lakini hayo ya kulowesha yanaweza kuwa yale yaliyofulia.

Kisha ikaja habari ya mali. Jiwe lilipokwisha kuwa rundo, mwenye nyumba alipita, akalitazama, akasema mawe yametoka katika ardhi yake, kwa hiyo kokoto ni yake. Hapa familia ilikuwa na bahati, au tuseme mama alikuwa na akili. Kabla ya kazi alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa LC1 wakaandika karatasi: familia itagharimia kupasua, kokoto nusu kwa nusu, chumba kitakatwa kwenye kodi kwa miezi iliyotajwa. Sahihi za pande mbili, mashahidi wawili, muhuri. Karatasi ilitolewa chini ya godoro ikasomwa mbele ya watu wote. Mwenye nyumba akasema alikuwa anatania. Sawa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi Uganda, lakini kwa jiwe la uani ile karatasi ya LC ndiyo iliyofanya kazi.

Jioni ya mwisho tulishuka tena Banda na ladit. Alituonyesha mahali wanawake wanapokaa, akatusimulia kisa ambacho tulikuwa tumekisikia nusunusu. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoharibu mji wa New Orleans kule Marekani mwishoni mwa Agosti, akina mama wa machimbo haya, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi na wakisaidiwa na shirika la Meeting Point International la nesi Rose Busingye, waliposikia kuna watu wamepoteza nyumba walichangishana. Walikuwa wanapata kiasi cha dola moja na senti ishirini kwa siku kwa kuponda mawe. Walipeleka dola zipatazo 900. Mtu akiwauliza kwa nini, walijibu kwamba wanajua maana ya kukosa nyumba. Baadaye wengi wao waliacha nyundo wakaanza kutengeneza shanga za karatasi, zile mnazoziona zinauzwa kwa wageni, na tulikutana na mama mmoja mwenye kazi zote mbili: asubuhi jiwe, jioni shanga, kwa sababu mikono ikivimba haiwezi kukunja karatasi nyembamba mpaka ipoe.

Tulipoondoka uani, mwamba ulikuwa umeshuka mpaka kiganja kimoja chini ya ardhi. Ladit alikataa kuendelea chini zaidi. Alisema uliobaki ni msingi wa bure, na kumlipa mtu kuutoa halafu kumlipa mwingine kumwaga zege mahali pale pale ni ujinga. Wakachonga mfereji mdogo upande wa juu ili maji yazunguke nyumba. Nusu ya kokoto ya familia iliuzwa kwa lori la mjenzi mmoja wa Kireka, ikalipa chakula cha mafundi na matofali ya kuanzia. Mistari minne ya matofali ilikuwa imesimama. Mabati bado. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa kwenye basi, karibu na Lukaya, na mama alitutumia ujumbe wa simu: maji yamepita kwenye mfereji.